Jumamosi tulikuwa 400, Jumatano tukabaki 75: ibada kubwa ya chuoni ipangweje?

"Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa ushirika wa wanafunzi wa Kikristo katika chuo kimoja hapa Mwanza. Kila Jumatano jioni tunakutana watu kama 70 kwenye darasa tunaloazimwa na chuo. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tuliandaa ibada kubwa ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, Jumamosi usiku, kwenye uwanja ulio karibu na ziwa. Tulialika ushirika wa vyuo vingine vitatu na kwaya nne. Walikuja watu kama 400. Mvua ikatunyeshea katikati ya mahubiri, maiki zikawa zinalia, waliokaa nyuma wakasema hawakusikia kitu, na saa nne usiku mwenyekiti wa mtaa akaja kulalamikia kelele. Hayo nimeyameza. Kinachoniuma ni kwamba Jumatano iliyofuata tulikuwa 75. Mwaka huu viongozi wenzangu wanataka ibada ya watu 600, tena mkesha, na wanapendekeza tumwite mwimbaji maarufu ambaye atachukua zaidi ya nusu ya shilingi 2,400,000 tulizochanga. Wengine wanasema tatizo la mwaka jana ni kwamba hatukuomba vya kutosha. Sijui nisimame upande gani. Je, ibada kubwa zina faida kweli kwa huduma ya chuoni? Na kama zina faida, tuzipangeje?"

Amina, dada. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La mvua, maiki na kelele ni la ufundi, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu vijana wengi hulidharau wakidhani si la kiroho. La kutoka 400 hadi 75 ndilo lililokufanya uandike, kwa hiyo naanza nalo. Nimelea ushirika wa wanafunzi katika mji huu kwa miaka mingi, nimebeba spika na viti kwenye vilima vyetu vya mawe, na Jumatano kama hiyo yako nimeikalia zaidi ya mara moja nikihesabu viti vitupu. Najua inavyouma.

Tuanze kwa kuisahihisha hesabu yenyewe. Kwaya nne, kila moja ikiwa na watu 25, ni watu 100. Ushirika wa vyuo vitatu, tuseme 40 kila kimoja, ni 120. Ninyi wenyewe ni 70. Hapo tumefika 290, na wote hao tayari wana mahali pao pa kusali katikati ya wiki. Wamebaki 110. Toa watoto wa mtaani na majirani waliovutwa na muziki, na wageni wa kweli, yaani wale wa mwaka wa kwanza wa chuo chenu mliowaandalia ibada, huenda hawakuzidi 60. Kwa hiyo hamkupoteza watu 325. Mlipata wageni 60 mkabaki na watano. Bado ni huzuni, lakini ni tatizo la ukubwa mwingine, na linatibika. Mwaka huu wekeni watu mlangoni wa kuhesabu kwa makundi: wa chuo chetu wa zamani, wa chuo chetu wageni, wa vyuo vingine, wa mtaani. Bila hiyo mtaendelea kufurahia au kulilia namba isiyowahusu.

Kuhusu maombi, msiyapunguze hata kidogo. Ila naomba msiyafanye kuwa blanketi la kufunikia kila kasoro, maana ndugu anayesema "hatukuomba" huwa hajajiuliza ni nani alitumwa kwenda hosteli Jumapili asubuhi. Someni Marko sura ya 6. Kando ya ziwa la Galilaya, mbele ya umati wa wanaume elfu tano, Bwana aliomba, akabariki na akamega. Lakini kabla ya hayo aliagiza watu waketishwe vikao vikao, wakaketi hapa mia hapa hamsini. Muujiza ulipita katika mpangilio ambao mtu mmoja angeweza kuuhudumia kwa mikono yake miwili. Hata makombo yalikusanywa, vikapu kumi na viwili. Na Yethro, katika Kutoka 18, alipomwonea huruma Musa, hakumwambia aongeze saa za kufunga. Alimwambia aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Ona alipoishia: kumi.

Sasa, je, ibada kubwa ina faida? Ina faida kubwa, na sikubaliani na wale wanaosema vikundi vidogo vinatosha. Mwanafunzi anayetoka Ukerewe au Bariadi, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya kijijini kwao, anafika chuoni na katika wiki ya kwanza anaona kama yeye peke yake ndiye anayesali. Wenzake chumbani wanacheka akipiga magoti. Huyo ukimwingiza kwenye ukumbi wenye wanafunzi 200 wanaoimba kwa sauti moja, kuna jambo linalonyooka ndani yake ambalo kikundi cha watu sita hakiwezi kulinyoosha. Tena katika ibada kubwa Mkatoliki, Mlutheri, wa AIC na Mpentekoste wanasimama safu moja, jambo ambalo Jumapili haliwezekani.

Kuna kazi moja tu ambayo umati hauwezi kuifanya: hauwezi kugundua kwamba mtu hayupo. Katika watu 400, akikosekana mmoja, nani atajua? Katika watu wanane, kiti kimoja kikiwa kitupu kila mtu anauliza, "Yuko wapi fulani, anaumwa?" Swali hilo ndilo linalomrudisha mtu. Na kwa mwanafunzi mpya, dirisha ni dogo. Wiki tatu au nne za mwanzo anatafuta marafiki, mahali pa kula, njia ya kwenda darasani na watu wa kusoma nao. Baada ya hapo ratiba yake imeshajaa na marafiki ameshawapata. Ibada yenu inaweza kumgusa hadi machozi, lakini kama hakuondoka na jina la mtu mmoja na mahali pa kumkuta kesho yake, Jumatano atakuwa mahali pengine na watu wengine, wala hatajisikia amewaacheni. Hakuwahi kuwajueni.

Jambo hili si geni kwenye nchi za kuzunguka ziwa hili. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda hadi kuingia Bukoba katika miaka ya 1930, ulikuwa na mikutano mikubwa kama ile ya Kabale. Lakini uliodumisha moto ulikuwa ushirika mdogo wa kila wiki, ndugu wakiketi pamoja, kuungama na kutembeleana nyumbani. Huduma za wanafunzi zilizokuja baadaye, pamoja na zile zilizo chini ya IFES, umoja wa kimataifa wa ushirika wa wanafunzi wa kiinjili ulioundwa mwaka 1947, ambao TAFES yetu ya Tanzania ni mwanachama wake, zimetembea kwa miguu hiyo hiyo miwili.

Kwa hiyo jibu langu kwa viongozi wenzako ni hili: msianze na idadi ya viti. Anzeni na idadi ya watu wenu walio tayari kumbeba mgeni. Katika wale 70, hesabuni ambao kwa dhamiri safi wanaweza kusema, "Nipeni wageni watano. Nitawafuata vyumbani kwao ndani ya siku mbili, nitakwenda nao Jumatano, na nitakuwa nao hadi mitihani." Mkiwapata 30, uwezo wenu ni wageni 150. Wakiwa 15, ni 75, na hapo ibada ya watu 600 itakuwa ni kumwaga mbegu barabarani. Kwa nini watano? Kwa sababu mwanafunzi ana tesiti, ana kazi za kikundi, na wengine wana sapu, yaani mitihani ya marudio, za kusafisha. Nimejaribu kuwapa vijana kumi kumi. Wanawatembelea watatu, kisha wanaanza kukukwepa kwa aibu.

Tuje kwenye mapendekezo yaliyo mezani.

Mwimbaji maarufu. Simpingi kwa sababu ya uimbaji wake, na wapo waimbaji wanaokuja kwa moyo wa huduma. Ila angalia kinachotokea mwilini mwa ibada. Mtu aliyekuja kwa ajili yake anakaa akimsubiri yeye, anatoa simu kurekodi, na yeye akishuka jukwaani naye anaanza kutoka. Mhubiri akisimama anakuta nusu ya watu wanaelekea getini. Mkimweka mwishoni, mahubiri yote yatasikilizwa kwa kuvumilia. Na mkishamlipa zaidi ya nusu ya fedha, mtabana kwenye vipaza sauti, viti na usafiri, ndivyo vilivyowaangusha mwaka jana. Ushauri wangu wa wazi: mwaka huu acheni. Fedha hiyo nendeni nayo kwa fundi mitambo mzuri, na kiasi kiwe cha chai na maandazi baada ya ibada. Nusu saa ya chai mkononi, mwenyeji na wageni wake watano wakiwa wamesimama pamoja, imezaa zaidi ya jukwaa lolote nililowahi kulisimamisha. Tena mwezi wa kumi na moja bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, mara nyingi halijatoka kwa wote, na mgeni mwenye njaa hasikii mahubiri.

Mkesha. Mkesha ni kwa ajili ya watu wanaojuana. Waliookoka wa chuo chenu wakitaka kukesha wakiomba kwa ajili ya mwaka wa kwanza, wabarikiwe, ufanyike ndani, wiki moja kabla. Lakini mgeni wa wiki ya pili chuoni, hasa msichana, hajui njia, hajui nani ni nani, na saa nane usiku ana usingizi. Hosteli zina saa za kufunga. Daladala hazipo, na bodaboda ya usiku ina hatari zake. Mzazi wake akimpigia simu akamkosa, mmeshamtia hofu na jina la Yesu mkalitia doa. Mimi ningechagua Jumapili, saa 9:00 alasiri hadi saa 11:30 jioni. Makanisa yametoka, Wasabato wamemaliza Sabato yao, na kwa kuwa huku kwetu jua huzama kama saa 12:40 jioni, kila mtu anarudi alikotoka kukiwa kweupe.

Uwanja wa kando ya ziwa. Najua unavyopendeza, mawe, maji na machweo. Lakini lielewe ziwa kwanza. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Katika Luka 5 Bwana aliketi katika chombo majini akiwafundisha makutano waliokuwa ufukweni. Ukipanga jukwaa upande wa maji alasiri, spika zikiangalia nchi kavu, upepo unaibeba sauti kwenda kwa watu, na watu wenyewe wanakaa mbali na ukingo wa maji. Hilo ni zuri kwa sababu mbili.

Usiku kuna jambo jingine, nalo ndilo lililomleta mwenyekiti wa mtaa. Mchana hewa ya karibu na ardhi ni ya moto kuliko ya juu, kwa hiyo sauti hupinda kwenda juu na kupotelea huko. Jua likizama ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti inapinda kurudi chini na kusafiri mbali. Ongeza uso wa maji uliotulia, na majabali yanayoirudisha. Ninyi jukwaani mlisikia sauti ile ile ya saa kumi jioni, wala hamkuongeza chochote, lakini mama mwenye mtoto mgonjwa aliye mbali upande wa pili wa kilima aliisikia kama iko uani kwake. Hakuwa adui wa injili. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 hazibagui baa na kanisa, na ni vema zisibague.

Halafu mvua. Novemba ni vuli, na ukanda huu wa ziwa unajulikana kwa radi nyingi. Turubai linazuia matone, halizuii radi, na nguzo zake za chuma pamoja na nyaya za mitambo ni mahali pabaya pa kusimama. Ngurumo ikisikika, ibada inasimama, mitambo inazimwa, watu wanaingia kwenye jengo la kudumu, na hamrudi nje mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Mtu mmoja apewe mamlaka ya kusema "basi" bila kumsubiri mhubiri amalize. Na kama hakuna jengo la kuwatosha wote hatua chache kutoka hapo, basi uwanja huo haufai mwezi wa kumi na moja. Sitaji hata wadudu wa ziwani wanaoifuata taa usiku hadi mwimbaji hawezi kufungua mdomo. Na kama kuna waliopanga ubatizo ziwani siku hiyo hiyo, wakumbushwe kwamba kichocho kipo kwenye maji haya. Ulizeni kituo cha afya mapema.

Chaguo langu ni ukumbi wa chuo au wa kanisa lililo jirani. Ukumbi nao una jaribu lake, kwani mvua kubwa ikipiga bati lisilo na dari hakuna spika itakayoshindana nayo. Kiongozi wa sifa awe na mpango wa dakika hizo: watu wageukiane wawili wawili waombeane, mhubiri anyamaze. Kupiga kelele juu ya mvua kunamchosha kila mtu.

Waliokaa nyuma hawakusikia, nadhani, kwa sababu mliweka spika chini, mbele, mkaziongeza. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu ya sauti inabaki robo. Aliye mita 40 anapata sehemu moja tu kati ya 64 ya anayoipata aliye mita tano. Ukiongeza ili wa nyuma asikie, wa mbele anaziba masikio. Dawa ni kuziinua spika juu ya vichwa vya watu, maana hapo tofauti ya umbali kati ya wa mbele na wa nyuma inapungua, au kuongeza spika ndogo katikati. Zile za katikati fundi lazima azicheleweshe kidogo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na ya jukwaani ikimfikia mtu sehemu ya kumi ya sekunde baada ya ile ya pembeni yake, maneno yanagongana na haelewi kitu ingawa anasikia kelele tele.

Maiki kulia ni duara: maiki inaisikia spika, inaipelekea sauti, spika inaitoa kubwa zaidi, maiki inaisikia tena. Spika zote ziwe mbele ya maiki, zikitazama watu. Zima maiki zisizotumika. Mwimbaji aisogeze karibu na mdomo badala ya kuomba aongezewe, na asikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, kwa sababu akifanya hivyo anaibadilisha na inalia haraka. Mkijaribu mitambo ukumbi ukiwa mtupu itasikika kama pangoni. Msiogope sana. Miili ya watu inanyonya sauti, na ukijaa itatulia. Fundi abaki kwenye mtambo ibada nzima, asiondoke kwenda kula.

Nyimbo. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko kwenye spika. Kwaya nne kwenye ibada moja ni wageni kukaa saa nzima wakitazama wengine wakiimba. Sisi wa Usukumani tumerithi ngoma za mashindano, Wagika na Wagalu, kila upande ukiuvuta umati kwake, na kwaya zikikutana damu hiyo huchemka bila mtu kukusudia. Kwaya moja inatosha, iimbe mara moja. Muda uliobaki ni wa watu wote. Timu ya sifa ichague nyimbo sita, tano ziwe zinazojulikana kwenye makanisa zaidi ya moja, moja iwe mpya. Tenzi zina nguvu sana hapo kwa sababu Mlutheri na wa AIC wote wamezisikia kwa bibi zao, na pambio fupi linamsaidia asiyejua kitu kuingia baada ya kulisikia mara mbili. Ufunguo usiwe wa mwimbaji wenu mwenye sauti ya juu kuliko wote. Ukiona wanaume ukumbini wamenyamaza, mara nyingi wimbo umewapita juu. Shusheni. Maneno yawe ukutani kwa projekta, na umeme ukikatika, wekeni wimbo mmoja ambao mnaweza kuuimba gizani kwa makofi na ngoma tu.

Kuhusu usalama siwezi kupita haraka. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walifariki Moshi, kwenye ibada uwanjani, walipokimbilia mafuta ya upako. Wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi si hivyo. Watu wanne waliosimama kwenye mita moja ya mraba bado wanaweza kugeuka na kupita. Wakifika sita, hakuna mwenye uamuzi juu ya mwili wake tena, msukumo unapita kama wimbi, na walio katikati wanabanwa hadi kifua hakiwezi kupanuka kuvuta pumzi. Hufa wakiwa wamesimama. Walio nyuma wanaosukuma hawajui kinachotokea mbele. Kwa hiyo msiwaite watu wote mahali pamoja kwa wakati mmoja, iwe kwa mafuta, chakula au maombezi. Wanaotaka kukata shauri waitwe kwa safu, au wenyeji wawafuate walipo, waombee hapo hapo. Milango yote ifunguliwe kwa ndani na isizibwe na viti au jenereta. Ukumbi wa watu 300 ukijaa, wa 301 arudishwe kwa upole. Mji uliowazika marehemu wa MV Bukoba mwaka 1996 hauhitaji kuambiwa mara ya pili maana ya kujaza kupita uwezo.

Na mtu akianguka wakati wa maombi, ombeni, lakini mtu wa afya aliye kati yenu amwangalie kwanza. Vijana waliofunga siku tatu bila maji wanaanguka kwa kuishiwa. Wapo wenye kifafa, wapo wenye pumu ambao vumbi la uwanjani limewabana. Kifafa hakishikiliwi kwa nguvu wala mtu hatiwi kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja, Sekou Toure au Bugando, kutegemea mlipo. Gari liwe limeegeshwa likitazama nje, dereva anajulikana. Mna ndugu wanaosomea udaktari na uuguzi mjini hapa, waombeni wawili wakae na sanduku la huduma ya kwanza.

Kuna mengine ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza, na hapo utafute mtu ana kwa ana. Baada ya ibada kubwa, baadhi hufunguka. Msichana anaeleza kwamba amedhulumiwa na mtu anayemfahamu. Kijana anasema amechoka kuishi. Haya si mambo ya mwanafunzi wa mwaka wa pili kuyabeba peke yake kwa sababu tu ni kiongozi wa maombi. Msiwaahidi siri ambayo hamwezi kuitunza kwa usalama wao. Mwambie, "Nitakwenda nawe," kisha nendeni siku hiyo hiyo kwa mlezi wenu, kwa mshauri wa wanafunzi, hospitalini, na kwa aliyedhulumiwa, dawati la jinsia la polisi. Na kama kuna mgogoro kati yenu viongozi juu ya fedha za tukio hili, kaeni na mlezi kabla ya kulipa senti. Kama mko chini ya TAFES, USCF, CASFETA au chombo kingine cha wanafunzi wa Kikristo, mna watu waliowekwa kwa kazi hiyo, watumieni.

Vibali ni kazi ya siku chache mkianza mapema: ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwa barua, na kama ni nje ya chuo, serikali ya mtaa na polisi wa wilaya. Mwendeeni yule mwenyekiti wa mtaa wa mwaka jana, mwombeni radhi, hata kama mwaka huu hamko kwenye mtaa wake. Makubaliano na mwenye viti na fundi yaandikwe, malipo kidogo kwanza, yaliyobaki kazi ikiisha.

Majina na namba za simu za wageni zichukuliwe na mwenyeji wao akiwa ameketi nao, si kwa karatasi inayozunguka ukumbini kila mtu akiisoma. Namba ya dada mgeni isifike kwa kaka asiyehusika. Wala msiwatupe wote kwenye kundi moja la WhatsApp mkaita ufuatiliaji. Mwenyeji aende kwa miguu, abishe hodi, aulize amepataje chumba, amezoea chakula, nani anasoma naye. Jumatano ampitie, waende pamoja.

Kuhusu vyuo vingine, msiwavunje moyo wenzako wanaoutaka umati. Muhula wa pili fanyeni ibada ya pamoja, kila chuo kikija na wenyeji wake na wageni wake, kikiketi mahali pake. Hapo hata 600 watawezekana.

Jumatano ijayo, kabla mtu hajataja ukumbi wala mwimbaji, pitisha karatasi tupu. Aliye tayari kuchukua wageni watano aandike jina lake na hosteli anayokaa. Omba wasiandike kwa kuoneana aibu. Ikirudi, hesabu majina, zidisha kwa tano, ongeza na ninyi 70, na hiyo ndiyo namba ya viti utakayompa mwenye viti.